Mnatufundisha kuandika 'tumeona' wakati hatujaona!

Ndugu msomaji, najua gazeti hili umelifungua kutafuta nani kamtolea nani uvivu bungeni, au Simba na Yanga wamesajili nani. Subiri kidogo. Leo tuzungumze habari ya kemia. Usigune! Najua neno lenyewe linakukumbusha vumbi la chaki na ile ziro ambayo mpaka leo hujawahi kumwonyesha mchumba wako. Ndiyo maana nataka tuizungumze. Ile ziro haikuwa yako peke yako, ina wenyewe, na wengine bado wanapanda mashangingi kwa kodi yako.

Nianze na kachumbari. Wewe unayekula chipsi yai pale Manzese, Buguruni au Tanga mjini, hiyo nyanya na hiyo kabichi iliyokatwa juu ya sahani yako yawezekana kabisa imetoka kwetu Lushoto. Inajazwa kwenye matenga kule Lukozi, inapandishwa Fuso, inashuka kona za Soni mpaka Mombo, alfajiri iko Dar. Umewahi kujiuliza nani kaipiga dawa? Kaipiga kijana wa rika lako. Kamaliza kidato cha nne shule ya kata, kemia kapata F, karudi shambani, kapewa bomba la mgongoni na vichupa vitatu vyenye maandishi ya Kiingereza. Anamimina vyote humo humo, dawa ya wadudu, dawa ya ukungu na mbolea ya maji, anakoroga kwa kijiti, anapiga. Vikikutana humo ndani vinafanyana nini, hajui. Hajui kama kimoja kinakiua nguvu kingine au kinakizidishia ukali. Yeye kavaa kandambili na fulana, upepo unamrudishia usoni. Wewe unakula.

Sasa niambie, kemia ni mali ya maprofesa wa Mlimani au ni mali yako?

Mwaka juzi nilipanda nyumbani nikamkuta mjomba wangu amekaa kibarazani, ndoo ya bati iko mbele yake, uso umemkunjamana. Mjomba analima nyanya na ana miche michache ya kahawa. Dawa za madukani zilikuwa zimemshinda bei, basi akarudia mambo ya wazee: kununua mrututu, yale mawe ya bluu, kuuloweka, kuchanganya na chokaa na kupiga kwenye majani kuzuia ukungu. Ile ndoo ilikuwa imetoboka vitundu vidogo vidogo chini kama chujio la chai, na ndani imeota utando mwekundu mwekundu.

"Mjomba, ndoo hii umeinunua lini?"

"Majuzi tu, mjomba. Bati za siku hizi feki. Ndiyo soko huria lenu hilo."

"Na nyanya?"

"Nyanya zimekwenda na ukungu. Na mrututu nao feki."

Msomaji, ndoo haikuwa feki wala mrututu haukuwa feki. Mrututu ni chumvi ya shaba. Ukiuyeyusha majini na kuuweka kwenye chombo cha bati, shaba iliyomo majini inatoka na kujipachika kwenye ndoo, na ile zinki iliyopakwa juu ya bati, kisha chuma chenyewe, vinaingia majini kuchukua nafasi yake. Wanabadilishana viti, kama wale wabunge wa mwaka 2017 na 2018 waliohamia upande wa pili eti wanaunga mkono juhudi. Ndoo inalika, na shaba iliyotakiwa iende ikalinde majani ya nyanya imebaki imeganda kwenye ndoo. Mzee wa watu alikuwa akikaribia kupulizia maji matupu! Ndoo ya plastiki ingemwokoa.

Hicho nilichokueleza ndicho wataalamu wanakiita mmenyuko wa kikemikali. Vitu vinakutana, vinaachana na wenzi wao wa zamani, vinafunga ndoa mpya, na kinachozaliwa kina tabia nyingine kabisa. Atomu ni zile zile, hakuna iliyoongezeka wala iliyopotea. Jambo hilo Mfaransa mmoja, Lavoisier, alilisimamia kwa mizani na kulichapisha kitabuni mwaka 1789: uzito wa vilivyoingia ni sawa na uzito wa vilivyotoka. Ile adhabu tuliyokuwa tukipewa ya kusawazisha milinganyo, mbili hapa, tatu pale, maana yake ni hiyo tu. Ni kuhesabu watu walioingia ukumbini na waliotoka. Mimi nimekuja kuielewa nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimekaa kibarazani kwa mjomba naikodolea macho ndoo iliyotoboka.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kwa sababu somo hilo la chuma na shaba nilikwisha fundishwa! Nililiandika kwenye daftari. Nililikariri. Nikalipata kwenye mtihani wa muhula. Ila sikuwahi kuona msumari, sikuwahi kuona mrututu, na hakuna aliyeniambia kwamba yale maneno ya Kiingereza ubaoni ndiyo mawe ya bluu ya mjomba.

Nikupe mfano mwingine ambao nina hakika na wewe umepitia. Mwalimu anafundisha namna magnesi inavyoungua. Magnesi ni metali nyepesi, ukikata utepe wake na kuuwasha unatoa mwanga mweupe mkali wa kuumiza macho, na kinachobaki ni unga mweupe. Mwalimu wetu, kijana mwenye roho nzuri tu, hakuwa na utepe. Hakuwa na kibanio. Kiberiti alikuwa nacho, cha sigara zake. Akatuambia kwa mdomo: mkiwasha mtaona mwanga mweupe. Kisha akageukia ubao akaandika, na sisi tukanakili: "Tuliwasha utepe. Tuliona mwanga mweupe mkali."

Tuliona! Darasa zima la watoto zaidi ya sitini, katika madaftari zaidi ya sitini, tuliandika kwamba tumeona kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiona. Na tukapigiwa vema nyekundu.

Sayansi kazi yake ya kwanza ni kumfundisha mtu aamini jicho lake na aandike alichokiona. Sisi tumefundishwa kinyume chake, kwamba andika anachotaka mkubwa hata kama hakijatokea. Halafu tunashangaa mtendaji anaandika zahanati imekamilika wakati haina mlango, na mkaguzi anaandika ameikagua wakati alikuwa anakula mbuzi katoliki kwa mwenyekiti. Hawa hawakuzaliwa waongo, jamani. Walisoma kemia yetu!

Tuje kwenye kumbukumbu. Mwaka 2013 niliingia kidato cha kwanza, na Februari ya mwaka huo huo yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Unayakumbuka. Zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata divisheni sifuri, sita katika kila kumi. Nchi ikashikwa na kizunguzungu. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, serikali ikayafuta matokeo yale mwezi Mei na kuyapanga upya, alama zikainuliwa, baadhi ya ziro zikageuka daraja la nne. Sijui unaitaje jambo hilo. Mimi naliita kumpa mgonjwa kipimajoto kingine. Waliokuwa hawajui mmenyuko mwezi Februari walikuwa hawaujui mwezi Mei.

Chanzo hakikuwa siri. Mpango wa MMES ulianza 2004, shule za kata zikachipuka kama uyoga, kila diwani anataka yake, jambo zuri lenyewe kwa mtoto wa maskini, mimi siwezi kulitukana kwa kuwa ndilo lililonisomesha. Lakini walijenga kuta wakasahau vilivyomo ndani ya kuta. Walimu wakakosekana, wakaletwa vijana waliotoka kidato cha sita wakapikwa kwa wiki chache, wale mliowaita voda fasta. Kemia ikawa inafundishwa na yeyote mwenye chaki. Na kwa miaka mingi watahiniwa wa shule zisizo na maabara waliruhusiwa kufanya mtihani wa karatasi badala ya vitendo. Yaani unaulizwa rangi ya kitu ambacho hujawahi kukiona, kwenye karatasi iliyochapwa kwa wino mweusi.

Ndipo mwishoni mwa 2012 Rais Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, vyumba vitatu, cha kemia, cha fizikia na cha biolojia. Tarehe ya mwisho Novemba 2014, ikasogezwa mpaka Juni 2015. Agizo lenyewe lilikuwa la haki kabisa, na wa upinzani tuliolibeza tulikosea. Lakini tazama lilivyotekelezwa. Wakuu wa wilaya na wakurugenzi, vibarua vyao viko mashakani, wakashuka kwa watendaji wa kata, watendaji wakashuka kwa walalahoi. Kila kaya mchango. Magazeti ya wakati ule yalijaa habari za mgambo kuchukua kuku, mbuzi na masufuria ya watu. Kijijini kwetu akina mama walibeba mawe kichwani wakipanda mlima, kwa sababu Fuso haifiki, na wanaume wakachangishwa saruji.

Maabara ikasimama. Ikapakwa rangi. Akaja mkubwa, akakata utepe. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa shule yetu kuona utepe wa aina yoyote.

Ndani mlikuwa na meza za zege na sinki zisizo na maji. Hapakuwa na gesi, hapakuwa na asidi, hapakuwa na hata msumari, ukiacha ile iliyoshika mabati. Baada ya muda chumba cha kemia kikawa stoo ya madawati mabovu na mahindi ya chakula cha wanafunzi. Kwenye taarifa ya wilaya bila shaka kiliandikwa "maabara imekamilika". Unaona ilivyo? Tuliona mwanga mweupe mkali!

Mimi nilifanya mtihani wangu 2016. Siku ya vitendo ndiyo siku tulipokutana uso kwa uso na bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, unaodondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Vifaa viliazimwa. Rafiki yangu alifungua koki mpaka mwisho, asidi ikashuka yote kama maji ya bomba la DAWASA siku yakiamua kutoka, akaanza kulia. Nilimwonea huruma, lakini na mimi nilikuwa naangalia rangi ya jirani. Sote tuliandika tumeona.

Sasa atatokea msemaji wa wizara aseme nchi ni maskini, vifaa ni ghali, tuvute subira. Hapo nitabishana naye mpaka asubuhi. Mambo ya awali ya mmenyuko hayahitaji fedha za wafadhili. Ukichukua msumari ukausugua kwa mchanga mpaka ung'ae, ukauzamisha kwenye glasi ya maji yaliyoyeyushiwa mrututu kidogo, dakika chache tu unauvaa wekundu wa shaba, na ukiuacha humo bluu ya maji inaanza kufifia. Hilo ni somo zima. Angalizo, mrututu ni sumu, glasi hiyo usinywee tena na mikono ioshwe. Lakini kuna duka la pembejeo milimani lisilouza mrututu au dawa ya jamii yake? Kuna shule isiyo na msumari?

Na wakulima wa zamani walikuwa wanautumia msumari huo huo au kisu kupima dawa yao. Ukishachanganya mrututu na chokaa, unachovya kisu kisafi kwa muda kidogo. Kikitoka na wekundu, chokaa haijatosha, shaba bado iko huru na itaunguza majani. Unaongeza chokaa mpaka kisu kitoke cheupe. Hiyo ni maabara, msomaji, inafanyika kwenye pipa chini ya mgomba.

Mchanganyiko huo wenyewe una kisa ambacho nakipenda. Kule Bordeaux, Ufaransa, wakulima wa zabibu walikuwa wakiibiwa na wapita njia. Wakapaka mizabibu ya kando ya barabara mrututu na chokaa ili ionekane ina sumu na wezi waogope. Mwaka 1882 mtaalamu mmoja wa mimea, Millardet, akipita pale akaona jambo: mizabibu ya ndani ya shamba imeliwa na ukungu, ya barabarani imesalimika. Akajaribu, akapima, mwaka 1885 akaitangazia dunia dawa ambayo mjomba wangu bado anaitumia. Alikuta dawa kwa sababu aliangalia. Angekuwa kasoma kwetu angenakili kilichoandikwa ubaoni akapita zake.

Milima yetu imejaa mambo ya namna hiyo. Jani la chai likivunjwa kiwandani na kuachwa kwenye hewa linageuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba iliyochakaa. Oksijeni ya hewani inaingia kazini, na vimeng'enya vya jani lenyewe vinaharakisha. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilipofungwa 2013 na kukaa kimya miaka mingi, wakulima walipata hasara na wanafunzi wakakosa mahali pa kupelekwa kuona. Bibi akipika pombe ya miwa, hamira ya asili inakula sukari, inatoa kileo na gesi, ndiyo mapovu yale. Magadi yakikutana na limao yanafoka, gesi ile ile. Juisi ya rosela ukiitia limao inazidi kuwa nyekundu, ukiitia magadi inapoteza wekundu wake na kuelekea kijani. Kiashiria hicho tayari, bila kuagiza chupa Ulaya. Na pale Magamba (nazungumzia mlima, si wale jamaa waliosema 2011 kwamba wanajivua gamba) udongo una boksiti, madini yanayotoa alumini ya sufuria zenu. Mtoto anakanyaga boksiti kwenda shule, anafika darasani anaandika kwenye daftari kwamba boksiti inapatikana nchi fulani za mbali.

Msifikiri natia chumvi. Milima hii imewahi kuwa na maabara ya kutisha dunia. Vuka bonde la Lwengera uingie Usambara Mashariki, utafika Amani. Wajerumani walianzisha pale taasisi yao ya biolojia na kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande zote za dunia, ukiwemo mkwinini ambao gome lake linatoa dawa ya malaria. Vita ilipoanza 1914 na Waingereza wakaziba bahari, meli haziingii, wale jamaa hawakukaa kusubiri mfadhili. Amani ikageuka kiwanda. Walitengeneza sabuni, dawa ya meno, mishumaa, chokoleti, hata whisky, maelfu ya chupa, na kutoka kwenye magome ya milima ile ikapatikana kwinini ya askari wa Jenerali Lettow-Vorbeck. Baadaye, askari wakiwa wanakimbizana porini, magome yalichemshwa tu na maji yake kunywewa, machungu kama shubiri, askari wakayabatiza jina la jenerali wao kama vile ni pombe.

Sabuni ni mafuta na magadi makali. Mshumaa ni mafuta. Kileo ni sukari iliyochacha ikachujwa kwa mvuke. Yote yalifanyika Usambara zaidi ya miaka mia moja iliyopita, katikati ya vita, kwa miti na mbegu za hapo hapo. Wazee wetu ndio waliokuwa wakibandua magome na kuchochea kuni. Swali langu kwa waheshimiwa ni dogo tu: mkoloni aliyezingirwa aliweza kutengeneza sabuni Amani, shule ya serikali huru yenye barabara na simu inashindwaje kumwonyesha mtoto sabuni inavyotengenezwa?

Halafu kuna lugha. Mtoto wa Mlalo au Mtae anaongea Kisambaa nyumbani. Anafika darasa la kwanza anajifunza Kiswahili, anakimudu, anamaliza la saba anajua vizuri kutu ni nini, kuungua ni nini, kuchacha ni nini. Anaingia kidato cha kwanza, mlango unafungwa. Kila kitu anachokijua kimebadilishwa jina kwa usiku mmoja. Anayeshindwa kuuliza swali kwa Kiingereza anakaa kimya, na anayekaa kimya miaka minne anaitwa mjinga. Tume ya Makweta ilikwisha kushauri mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985. Wakubwa wakakataa. TUKI wakatoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kwa hiyo ile hoja ya kwamba Kiswahili hakina maneno ilikufa wakati mimi sijazaliwa. Sera ya Elimu ya 2014 ikaandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Iliandikwa! Na watoto wao wakati huo wako wapi? Wako kwenye shule za mabasi ya njano, zenye maabara na Kiingereza cha kuzaliwa nacho.

Sisemi Kiingereza kitupwe. Kifundishwe kama lugha, na kifundishwe vizuri kuliko sasa. Nasema mtoto aelewe kwanza kwa nini msumari umekuwa mwekundu.

Na wenzetu wa kambi ya mageuzi nisiwaache salama. Mwanzoni mwa 2013 Mbatia alipeleka bungeni hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu, nikiwa mtoto nikaisikiliza redioni nikaona sasa mambo yamepata mwenyewe. Wakaishia kubishana kama mtaala upo au haupo, nani kaleta nakala halisi na nani kaleta ya kughushi. Nyinyi mnaotaka kura zetu, mikutano kumi nimehudhuria kama mwandishi, nimesikia Katiba, nimesikia Tume ya Uchaguzi, nimesikia rushwa, yote ya kweli. Sijasikia hata mmoja akisema akiingia madarakani mwalimu wa kemia atapata nini mkononi Jumatatu asubuhi. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 unasifiwa kwa amali na stadi za kazi. Vyema. Amali bila vifaa ni ubao ule ule umebadilishiwa jina, na kambi ya mageuzi ilipaswa kuwa inazunguka shule kwa shule ikihesabu chupa za asidi, si kusubiri matokeo yatangazwe ndipo itoe tamko.

Wewe wa kijiweni utaniuliza, mwandishi, mimi inanihusu nini, nimeshamaliza na bodaboda yangu. Betri ya hiyo bodaboda ni mmenyuko. Kutu ya fremu ni mmenyuko, na chumvi ya upepo wa bahari inauharakisha, ndiyo maana pikipiki ya Tanga inachakaa kuliko ya Soni. Gongo inayokupofua ni kazi ya mpishi asiyejua anachochemsha. Una mdogo wako au mtoto wa dada yako shule ya kata hapo jirani. Jioni akirudi muulize swali moja: leo kwenye kemia umeona nini kwa macho yako? Akikutajia rangi, harufu, mapovu, mwachie akale. Akikujibu "mwalimu alituandikia", chukua daftari lake, tafuta paliposemwa "tuliona", piga picha ukurasa huo, ficha jina la mtoto, andika kata na tarehe, utuletee hapa gazetini. Mimi nitaanza na la kwangu. Bado ninalo, liko kwa mjomba, juu ya dari, pembeni ya ile ndoo.